Wikendi Moja Bila Encarna

"Na Jumatatu utawaambia nini wale walimu watatu?" nilimuuliza. "Utawaonyesha picha za kwenye simu?"

"Nitajisomea ndani ya ndege," Marit akasema.

"Ukiwa na Paige pembeni."

"Paige hulala kwenye ndege."

"Paige halali, Paige anaongea. Wiki iliyopita alipokuja kukuchukua alianza kuongea mlango wa chini, na alipofika hapa ghorofa ya nne jengo zima lilikuwa limeshamsikia na hakuna aliyeelewa hata neno moja. Siku mbili za Budapest ni siku mbili za Kiingereza, mwanangu. Halafu Jumatatu saa tatu asubuhi unakaa mbele ya watu watatu, dakika ishirini, bila karatasi, na Kihispania chako kimebaki kwenye begi pamoja na nguo za kuogelea."

"Tiketi nimeshanunua."

"Tiketi haitakufanyia mtihani."

Alikuwa amesimama katikati ya jiko langu na makoti mawili mwilini, moja juu ya jingine, maana shirika la ndege hupima begi tu, halipimi ulichovaa. Begi lenyewe lilikuwa kitini, dogo, limebinywa kwa goti mpaka likaingia kwenye kipimo. Shingoni alivaa ule mto wake wa rangi ya waridi wa kulalia safarini. Dengu zilikuwa zinachemka. Mume wangu, Fermín, alikaa mezani akimenya chungwa taratibu sana, kama mtu ambaye hayupo.

Sikuwa nagombana kwa kupenda kugombana. Marit alikuja kwetu Granada mwezi Septemba kutoka Minnesota. Anasomea uhandisi wa maji, na chuo kilimpa muhula mmoja tu. Muhula wa pili ni wa atakayefaulu mazungumzo ya Jumatatu. Asipofaulu, kabla ya Krismasi anarudi kwao nami natandua kitanda. Na aliutaka muhula huo kuliko kitu chochote. Kila Machi watu wa vijiji vya milimani hupanda na majembe kuzibua mifereji ya zamani, ile iliyochimbwa enzi za masultani, na profesa mmoja alikuwa amemkubalia aende nao, apime, achore, aandike. Sijawahi kuona msichana mwingine wa miaka ishirini anayeota mifereji usingizini, lakini huyu alikuwa anaiota, na mimi nilikuwa upande wake. Ndiyo maana nilikuwa napiga kelele.

"Wiki kumi na moja," nikasema. "Umefika Lisbon, Porto, Faro, Roma, Bologna, Brussels, Vienna na sijui wapi tena. Kila Ijumaa unaondoka, kila Jumapili unarudi unaburuza miguu. Na huwezi kwenda dukani kwa Paco ukaomba nusu kilo ya dengu."

"Siwezi?" Alikunja uso. "Siwezi, au hujanituma?"

"Nikutume ya nini, wakati nikienda mwenyewe dakika tano nimerudi?"

"Ndiyo hiyo!"

"Ndiyo hiyo nini?"

"Mimi…" Alitafuta neno kwenye dari, kama kawaida yake. "Mimi, kila mara, katika nyumba hii, ninataka…"

"Unataka kusema nakuharakisha."

Hata dengu nafikiri zilipunguza kuchemka.

"Hapo," Fermín akasema bila kuinua macho kwenye chungwa, "umemmalizia."

"Nimemsaidia."

"Sikutaka kusema hivyo," Marit akasema.

"Ulitaka kusema nini, basi?"

"Sijui tena. Imeshaondoka."

Mimi nina stashahada ya ufamasia, na asubuhi nafanya kazi kwenye duka la dawa la mtaa wetu. Kazini nasifiwa kwa jambo hilihili. Mtu anaingia anasema "nina hiki kitu hapa…" na kabla hajashika shingo mimi nimeshaweka boksi kaunta. Wazee wananipenda. Foleni yangu haifiki mlangoni. Sijawahi kuambiwa ni ugonjwa.

"Kwenye safari," Marit akasema, sasa polepole na kwa hasira, "mimi ndiye ninayeongea. Paige haongei. Wengine hawaongei. Mimi. Hapa, hapana."

Nikacheka, na sikucheka vizuri. "Kihispania? Brussels? Unaongea na nani, na vituo vya basi?"

"Niulize."

"Nimekuuliza."

"Niulize halafu…" Akapeleka mkono mdomoni, akafanya kama anafunga zipu. "Halafu hivyo."

Jikoni mwangu hakuna aliyewahi kuniambia nifunge mdomo isipokuwa mama mkwe wangu, na yeye ana miaka themanini na minne. Nilimtazama Fermín anitetee. Fermín aliinuka, akajaza bilauri kwa maji ya bomba, akanipa.

"Weka mdomoni," akasema. "Usimeze."

"Fermín, usinifanyie utoto."

"Weka, Encarna. Unataka afaulu au hutaki?"

Nikaweka. Mashavu yakavimba. Marit akaicheka sura yangu kwanza, hilo lazima niseme, kisha akavua koti moja, akakaa. Fermín akazungusha saa yangu ya jikoni, ile yenye umbo la nyanya, hadi dakika ishirini, akajikalisha wima na kukunja mikono kifuani kama profesa.

"Señorita Marit," akasema kwa sauti ya puani, "tueleze safari moja."

Marit alianza na Brussels. Alianza vibaya, maneno yanakuja moja moja kama watu wanaoshuka kwenye basi na mizigo. Wanafunzi sita, akasema, ndege ya bei ndogo, uwanja ule wa mbali, si ule wa mjini. Jumamosi asubuhi. Wanatoka nje, hakuna basi. Mgomo. Ubelgiji nzima iko kwenye mgomo.

"Paige alijua kuna mgomo?" Fermín akauliza.

"Paige alikuwa na…" Marit akachora mraba hewani. "Paige alikuwa na karatasi ya rangi. Saa nne, chokoleti. Saa tano, kanisa. Mgomo haukuwa kwenye karatasi."

Ratiba. Alikuwa anatafuta neno ratiba. Nilikuwa nalo hapa, kwenye ncha ya ulimi, linaogelea ndani ya maji. Nikamtolea macho. Nikachora mraba hewani mimi pia, kwa kidole, na mistari ndani yake.

"Anamsaidia kwa macho!" Fermín akasema, na bila hata kuomba radhi akakamata kiti changu nikiwa juu yake, akakizungusha mpaka nikaangaliana na friji.

Basi nikasikiliza safari ya Brussels nikiwa nimezikodolea macho sumaku. Miaka tisa napokea wanafunzi, na kila mmoja huniletea sumaku ya friji kutoka anakokwenda. Mnara wa Paris. Kinu cha upepo cha Uholanzi. Mashua ya Venice. Ng'ombe wa Uswisi. Mlango wa friji hauonekani tena rangi yake. Huwa nazipangusa vumbi kila Alhamisi. Miji yote hiyo naifahamu kwa kuipangusa.

Nyuma yangu Marit aliendelea. Ndani ya uwanja, akasema, kulikuwa na mama anayedeki. Mama mnene, miaka sitini, nywele nyekundu za dukani. Anasukuma kile kitu chenye magurudumu na ndoo. Gurudumu moja linakwama. Anakitukana.

"Na anakitukana kwa Kihispania," Marit akasema. "Kama wewe, Fermín, unavyotukana gari."

"Neno gani?"

Akalitaja. Nilikaribia kurusha maji kwenye friji.

Yule mama alikuwa mtoto wa mchimba makaa kutoka Asturias. Baba yake alikwenda Ubelgiji kuingia migodini, naye alizaliwa hukohuko na hajawahi kuishi Hispania hata mwaka mmoja. Lakini nyumbani kwao walitukana kwa Kihispania. Marit akamwendea. Akamsalimu. Yule mama akamshika mikono yote miwili, akamuuliza anatoka wapi, na Marit akajibu Granada.

Hapo nilifumba macho. Hakusema Minnesota. Alisema Granada.

"Akaniuliza," Marit akasema, "nani ananipikia. Nikasema Encarna. Akauliza ananipikia nini. Nikasema kila kitu. Akauliza kila kitu gani. Hakuniacha! Nikaeleza dengu. Nikaeleza mkate wa kimanda cha viazi, ule unaonipa kwenye foili kila Ijumaa. Nilikuwa nao kwenye begi. Tukagawana."

Na baada ya mkate mambo yakanyooka. Mama yule alikuwa na shemeji mwenye gari la mikate, na mikate haigomi. Shemeji akapigiwa simu, akaja. Wenzake watano wa Kimarekani wakaingia mjini Brussels wamekaa juu ya kreti za mikate ya moto, Paige ameshika ile karatasi yake ya rangi, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Marit alikaa mbele na shemeji, ambaye Kihispania chake kilikuwa kibovu kuliko cha Marit, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, yeye ndiye aliyekuwa anamsahihisha mtu.

Fermín alicheka mpaka akaacha uprofesa. Mimi nilikuwa nacheka kwa pua. Maji yanauma puani, jamani.

Kisha Marit akaingia Bologna, alikosahau koti kwenye treni na mzee wa stesheni akaongea naye nusu saa, yeye kwa Kiitaliano, Marit kwa Kihispania, kila mmoja akimsubiri mwenzake mpaka wakaelewana. Koti lilipatikana. Ndilo lile la juu alilokuwa amelivua sasa hivi.

Halafu akakwama. Nikasubiri. Nyanya ilikuwa inagonga tik, tik. Nikasubiri tena. Niliona sentensi nne za kumpa. Tano. Nikajibana magoti.

"Basi," akasema. "Maneno yamekwisha."

Niligeuza kiti, nikaenda kwenye sinki, nikatema maji. Saa ilisema bado dakika saba.

Nitasema kama ilivyokuwa. Katika dakika zile kumi na tatu msichana yule alikuwa ameongea kuliko wiki kumi na moja zote mezani kwangu. Alikosea, ndiyo. Alizunguka maneno kama mtu anayezunguka dimbwi. Lakini alifika ng'ambo kila mara, na peke yake. Nikamkumbuka kijana mmoja wa Ohio, Trent, aliyekaa kwetu mwaka mzima. Siku ya kuondoka alinikumbatia akasema "Ndiyo, Encarna." Mwaka mzima neno lake lilikuwa hilo. Niliwaambia watu wote ni kijana mpole.

"Bado saba," Marit akasema.

"Nimeona."

"Walimu hawatanisamehe hizo saba."

"Hawatakusamehe hata moja." Nikazima moto wa dengu. "Na Budapest je? Sema ukweli. Huko utaongea?"

Nilishika mdomo wangu kwa mkono. Akafikiri. Aliangalia begi, akaangalia koti.

"Budapest Paige amepanga kila kitu," akasema. "Gari la kutupokea. Mtu wa kututembeza, kwa Kiingereza. Mabwawa ya maji moto, tiketi za mabwawa. Hakuna kitakachoharibika." Akavuta pumzi. "Kisipoharibika kitu, hawanihitaji niseme."

"Kwa hiyo."

"Kwa hiyo nabaki."

Akavua na koti la pili. Nikainua mikono nimkumbatie, na nilikuwa tayari nimeshapanga wikendi yote kichwani: asubuhi maswali, mchana maswali, jioni namsikiliza huku napiga pasi. Akanizuia kwa kiganja.

"Lakini," akasema.

Nikasubiri. Alichukua muda wake. Naapa alichukua muda kwa makusudi.

"Lakini wewe usiwepo."

"Nisiwepo wapi?"

"Hapa."

"Nyumbani kwangu?"

Fermín alikuwa ameinamisha kichwa mezani karibu na maganda ya chungwa, mabega yanatikisika.

"Wewe unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu ana haki," akasema, akijifuta macho. "Kesho tunakwenda kijijini kwa mama, kwenye zeituni. Nitamchukua Marit. Mama ana sikio moja tu linalofanya kazi, kila kitu lazima aambiwe mara tatu, na ya tatu lazima umweleze upya kwa sababu ameshasahau swali. Siku mbili chini ya miti na mama! Jumatatu huyu atawafundisha wale walimu."

"Na mimi nakuja kupika."

"Wewe ukija utamjibu mama kwa niaba ya Marit, utamjibu Marit kwa niaba ya mama, na mimi nitabaki naongea na mizeituni. Kama kila mwaka."

Iliniuma. Sitajifanya haikuniuma. Nilichukua kijiko nikakoroga dengu ambazo hazikuhitaji kukorogwa. Miaka tisa nimewapikia, nimewafulia, nimewasubiri na chakula cha moto. Halafu mtoto wa watu anakuambia msaada wako ni kutokuwepo. Lakini kazini kwangu dawa ikimdhuru mgonjwa tunaisimamisha siku hiyohiyo, hatungoji Jumatatu.

"Sawa," nikasema. "Nitakwenda kwa dada yangu Motril."

"Motril kuna simu," Fermín akasema. "Kila saa utapiga: mmekula, amesema nini, mpe mama, mpe Marit."

"Mnataka niende wapi, mwezini?"

"Mahali ambapo hutaelewa anachosema mtu," Marit akasema. Sentensi nzima, bila kuangalia dari.

Sote wawili tukamgeukia. Alikuwa ameshashika simu, dole gumba linakwenda mbio, na usoni alikuwa na ile sura waliyo nayo Ijumaa wanafunzi wote niliowapokea.

"Faro," akasema. "Ureno. Basi la saa kumi na nusu kwenda Seville, kutoka Seville basi jingine. Oktoba nililala kwa mama mmoja, Dona Graça. Nyumba safi. Anaongea Kireno tu, haraka, haraka sana. Nusu ya neno anaila."

"Safi kabisa," Fermín akasema. "Huwezi kummalizia mtu ambaye humsikii."

"Sina pasipoti."

"Kitambulisho kinatosha," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Sina begi."

Marit akafungua zipu ya lake akalimwaga juu ya meza yangu, kati ya maganda ya chungwa na sahani. Nguo ya kuogelea, soksi, chaja, pakiti tatu za biskuti, kitabu cha sarufi ambacho hakijawahi kufunguliwa. Akalikung'uta, akanipa likiwa jepesi kama mfuko wa karatasi.

"Mimi sijawahi kwenda popote peke yangu," nikasema, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nilikasirika, maana ilikuwa sauti ya mtu mwingine, mtu anayeomba abembelezwe. Nikaangalia friji. Kati ya ng'ombe wa Uswisi na mnara wa Paris kulikuwa na sumaku ya Faro, korongo juu ya paa, aliyoileta Marit mwenyewe. Nimempangusa ndege yule vumbi mara nyingi.

"Kaeni mle," nikasema. "Dengu zikipoa zinaganda."

Tulikula haraka. Marit akampigia Paige na kumwambia watakutana stesheni, hakumwambia kwa nini. Mimi niliweka kwenye begi nguo za ndani, sweta, dawa ya kichwa, dawa ya tumbo na dawa ya kuumwa na wadudu ijapokuwa ilikuwa Novemba. Kisha nikajikuta nakata mkate. Nikaweka kimanda cha viazi, nikafunga kwenye foili. Mikono ilifanya yenyewe, kama kila Ijumaa. Nilipomaliza nilitaka kumpa Marit, naye akaniangalia tu, nikautia begini kwangu.

Stesheni ilikuwa imejaa. Ijumaa saa kumi wanafunzi wetu wanarudi kwa mama zao na mifuko ya nguo chafu, na wageni wanakwenda Ulaya na mabegi yaliyobinywa. Paige alikuwa mbele ya basi la uwanja wa ndege wa Málaga, msichana mrefu mwenye kofia ya sufu, karatasi ya rangi mkononi. Alimwona Marit bila begi. Kisha akaniona mimi nina begi. Nilikuwa nimevaa makoti mawili, kwa sababu nani ajuaye huko kuna baridi gani, na shingoni mto wa waridi.

Waliongea kwa Kiingereza. Sikuelewa neno, lakini mimi ni mtu wa kaunta, nasoma nyuso. Paige alishangaa, akasikitika, akabisha kidogo, akaonyesha karatasi, na Marit akatikisa kichwa na kusema jambo fupi. Halafu Paige akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Siyo msichana mbaya, ana sauti tu. Akanigeukia, akakusanya Kihispania chake chote.

"Encarna! Budapest?"

"Faro," nikasema.

"Oo! Faro!" Akanipa pakiti ya ubani wa kutafuna. "Masikio," akasema, akashika masikio yake. Sikumwambia kwamba basi haliruki hewani. Nikashukuru.

Basi lake likaondoka. Langu lilikuwa la pili kutoka mwisho, limeshawasha injini. Fermín alinibusu, akanirekebishia mto shingoni kama anafunga tai.

"Ukiwa na shida piga simu," akasema. "Ukiwa huna shida, usipige."

"Mama yako anywe vidonge vyake saa mbili. Vile vyeupe, si…"

"Encarna."

"Vyeupe," nikasema. "Nimemaliza."

Dereva alikuwa anakata tiketi mlangoni, mwanamume mfupi mwenye haraka, aina ya watu ninaowapenda. Nikampa simu yenye tiketi, akaangalia, akanionyesha ngazi. Nikaweka mguu mmoja juu.

"Encarna!" Marit alikuwa amenifuata. Akanishika mkono wa koti. "Encarna, nataka… nataka u…"

Akaangalia juu, kwenye paa la stesheni. Na mimi nilijua. Nilijua kabisa, kama ninavyojua kikohozi kikavu na kikohozi chenye makohozi. Anataka kuniambia nisimkasirikie. Anataka nimsamehe kwa ile ya "usiwepo". Neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni, la moto, na jibu lake pia lilikuwa tayari: nimekusamehe, mwanangu, nenda kaongee.

Sikuwa na maji. Nikang'ata mdomo wa chini.

"Mama, unapanda au hupandi?" dereva akauliza.

"Subiri. Hajamaliza."

"Nina ratiba, mama."

"Na yeye ana sentensi. Subiri."

Watu wawili nyuma yangu wakaguna. Marit akavuta pumzi, akashusha macho kutoka kwenye paa, akaniangalia.

"Nataka uniletee sumaku," akasema. "Ya kwangu. Kubwa. Mimi nitaibandika kwenye friji, na Alhamisi nitaipangusa mimi."

Sikuwa nimekaribia hata kidogo.

"Kubwa kiasi gani?" nikamuuliza, na nikasubiri mpaka alipoonyesha kwa mikono yote miwili.

Kisha nikapanda. Kiti namba kumi na nne, dirishani.